Aliyeuvunja Mkono Wangu

Mtu akiniuliza nilimpendea nini Emile Zagabe, nitamjibu ukweli na atanicheka: nilimpendea kunyamaza. Sura yake ilikuwa ya kawaida tu. Alikuwa mrefu kidogo, mwenye shingo nyembamba, na shati lake alilipiga pasi mwenyewe, jambo ambalo lilionekana. Lakini alijua kunyamaza, na mimi nilikuwa nimetoka katika nyumba ambamo kimya cha mwanaume kilikuwa na maana moja tu: jiandae.

Kazi yake ilikuwa foni. Miaka ile ya vita barabara ya kaskazini leo ilifunguliwa, kesho imefungwa, na barua zilikuwa hazifiki. Mtu wa Bukavu aliyetaka kujua kama mama yake wa Minova bado anapumua alikwenda kwenye chumba kidogo nyuma ya parokia yetu ya Muhumba, akaketi mbele ya redio ya kijivu na kushika kipaza sauti. Emile aliketi ubavuni, mkono kwenye vifundo, akimtafutia sauti ndani ya mikwaruzo. Na foni ina adabu yake. Wawili hawawezi kusema pamoja. Unabonyeza, unasema yako yote, unamaliza kwa "à vous", kisha unaachia kidole na kumsikiliza mwenzako mpaka naye akurudishie zamu. Ukiwa umebonyeza humsikii mtu, hata kama huko aliko anapasuka kwa kelele. Emile alikuwa amefanya kazi hiyo miaka tisa, na naamini ilimwingia mwilini, maana hata ukimsalimia njiani alingoja umalize kabisa ndipo akujibu.

Kwa miezi sita nilikwenda pale kila Ijumaa kuzungumza na mama. Wakati huo nilikuwa nakaa kwa dada mkubwa wa mama, hapo hapo Muhumba, na nilikuwa nachapa barua katika ofisi ya shule moja. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa haunyooki tena kwenye kiwiko, kwa hiyo herufi za upande ule nilizipiga polepole, na mkuu wa shule alikuwa na subira. Emile alisikia yote niliyozungumza na mama: bei ya maharage, magoti yake, nani amekufa. Macho yake hayakutoka kwenye sindano ya redio. Siku moja tu niliinua kichwa ghafla nikayakuta juu yangu. Hakuyakimbiza kama mwizi. Aliyashusha taratibu, kama mtu anayeweka kikombe mezani, na mimi nikasahau kabisa nilichotaka kumwambia mama.

Basi Ijumaa ninayoisimulia, asubuhi saa tatu, nilimkuta amesimama kwenye lango la parokia. Hakuwa na desturi ya kusimama langoni.

"Maman Adelaide, bonjour. Minova waliita."

"Mama anagonjwa?"

"Apana. Mama iko muzima." Akanipa kikaratasi. Kwa mwandiko wake wa kunyooka kilisema: *Papa Télesphore anaomba binti yake aingie kwenye foni saa tisa kamili. Familia yote itakuwako. Bwana wake pia.*

Nilikisoma mara mbili. Bwana wangu aliitwa Constantin, na nilikuwa sijaisikia sauti yake tangu nilipopanda meli ya kuja Bukavu.

"Kuko kitu ingine," Emile alisema. "Haiko kwenye karatasi. Operateri wa Minova aliniambia ku pembeni. Bwana yako alifika yuzi na mbuzi, na kasiksi. Papa yako alikunywa."

Asiyetoka kwetu atasema, pombe ya ndizi ni pombe tu. Lakini kwetu mke akikimbilia kwao, mume humfuata na kasiksi, akaiweka mbele ya baba mkwe. Baba akiiacha imekaa, maneno bado yapo. Akiinywa, amekubali, na mke anaanza kufunga nguo zake. Baba yangu alikuwa amekunywa, nami niko ng'ambo ya ziwa sijaulizwa hata neno moja.

"Naweza kusema haukuonekana," Emile alisema.

"Utasema uongo juu yangu?"

"Kama unaniomba."

Nilimtazama. Alikuwa amekunja mikono yake nyuma. Mwanaume aliyenitaka nisiende alikuwa mbele yangu, kipofu angeliona hilo, na bado hakulitamka.

"Na weye, Papa Emile? Ungependa nifanye nini?"

Alitazama kikaratasi mkononi mwangu. "Miye niko operateri," alisema mwishowe. "Ujumbe haiko yangu. Lakini saa tisa nitakuwa pale."

Kikundi chetu cha walioumizwa vitani kilikutana saa nne, katika ukumbi wa wamama, jirani na chumba cha foni. Tulikuwa wanawake kumi na wawili. Aliyetuongoza ni Maman Domitille, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, mwenye diploma ya saikolojia kutoka chuo kikuu na mafua yasiyokwisha. Watu wa mtaani walisema pale tunakwenda kuombewa. Hatukuombewa. Tuliketi mkekani, na kila wiki mwanamke mmoja alipewa kamba.

Kamba yenyewe ilikuwa ya kuanikia nguo. Mwanamke aliitandaza sakafuni, mwanzo wake ukiwa siku aliyozaliwa, na ncha ya mwisho akaiacha imekunjwa, kwa sababu ile ni miaka ambayo bado hajaiishi. Palikuwa na kikapu cha mawe na kikapu cha maua. Penye furaha anaweka ua, penye baya anaweka jiwe. Akimaliza anatembea na kamba yake na kutaja kila kimoja: ilikuwa lini, wapi, alisikia harufu gani, miguu yake ilikuwa imekanyaga nini. Sisi wengine tulitazama tu. Akianza kutetemeka, Maman Domitille alimuuliza swali moja, "Sasa uko wapi?", naye akajibu, "Niko Muhumba," na alirudishwa hivyo, kutoka siku ile mpaka siku hii. Unaweza kuona ni mchezo wa watoto. Mimi niliwaona wanawake wazima wakivuka pale mambo ambayo nisingethubutu kuyatazama hata kupitia dirishani.

Wiki kumi nilikuwa nimewatazama wenzangu, kamba yangu ingali kikapuni. Na sababu yake nitaisema, ingawa inaniaibisha. Nilikuwa nimeingia katika kikundi kile kwa uongo.

Vita ilikuwa imeyapa maumivu ya aina moja jina. Mwanamke akiumizwa na watu wa silaha, watu walilia naye. Nesi alimhurumia, padri alimtembelea, majirani walimletea unga. Aliyeumizwa na mume wake aliambiwa apike vizuri. Kwa hiyo usiku Constantin aliponivunja mkono, asubuhi yake alikwenda mwenyewe kwa baba yangu na kusema kwamba watu wa silaha waliingia nyumbani. Baba alimwamini, au alichagua kumwamini. Minova yote iliamini. Misa ilisomwa kwa ajili ya mkono wangu, na Constantin, ambaye ndiye kiongozi wa kwaya, aliiongoza kwaya kwa mikono yake yote miwili mizima. Nilipofika Bukavu na Maman Domitille aliponiuliza nini kilinipata, nilimpa hadithi ile ile. Ilikuwa tayari imeshonwa na inanitosha.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Joviale. Aliuza mananasi kando ya barabara Kavumu, na alikuwa mcheshi hata akatuudhi. Alitandaza kamba yake haraka kama mtu anayetandika kitanda cha wageni. Ua la ubatizo, ua la ndoa, ua la mtoto wa kwanza. Kisha akachukua jiwe kubwa kuliko yote kikapuni, akaliweka karibu na miguu yangu.

"Ile ni siku ya basoda," mmoja wetu alinong'ona, akimaanisha wale watu wa silaha.

"Apana," Joviale alisema. "Siku ya basoda njo hii kadogo." Akaonyesha kokoto iliyokuwa pembeni. "Basoda walipita siku moja. Hii kubwa ni Bienfait, bwana yangu. Yeye alipita miaka kumi na moja."

Joviale alisimama pale na kitenge chake cha rangi ya machungwa, mabega yakimtikisika, na alilitazama lile jiwe usoni.

"Miguu yako iko juu ya nini, Joviale?" Maman Domitille aliuliza.

"Simenti ya jikoni. Iko na maji. Ananimwangia maji kwanza, juu fimbo ishike muzuri." Akasogeza mguu pembeni, kama kuyakwepa maji. "Nasikia batoto bananyamaza ku chumba. Banajua kunyamaza sana, bale batoto."

"Na sasa uko wapi?"

Niliona macho yake yakitafuta, yakapita ukutani, dirishani, kwenye nyuso zetu moja moja. "Niko Muhumba," alisema. "Niko na banamuke."

Kisha, hii sitaisahau mpaka nizikwe, alichukua ua akaliweka palepale pembeni ya lile jiwe kubwa. Maman Domitille alimuuliza ni la nini. "Ni leo," Joviale alisema. "Leo nimetaja jina yake na mulango haikuanguka."

Kanisani nimekaa maisha yangu yote, nimeona maaskofu na mishumaa na maandamano ya Sakramenti, na sijawahi kuogopa kwa heshima namna ile, mbele ya muuza mananasi aliyeshika ua lililochumwa uzioni.

Wenzangu walipotoka mimi nilibaki. Maman Domitille alikuwa anapiga chafya ndani ya leso.

"Maman Domitille, mutu akisema uongo hapa, unamufukuza?"

"Batu banakuyaka hapa na uongo juu njo ilibabakisha bazima. Simufukuze mutu."

"Mukono yangu haikuvunjwa na basoda."

"Najua."

Nilikaa chini. "Unajua tangu wakati gani?"

"Tangu siku ya kwanza. Ulisema basoda walivunja mulango. Halafu, kidogo mbele, ukasema ulisikia ufunguo inazunguka." Alikunja leso yake. "Basoda habakuyake na ufunguo, mama."

"Na wiki kumi yote hukuniambia?"

"Ilikuwa yako ya kusema. Ningekunyanganya tena kitu?"

Nilimweleza habari za saa tisa, na kasiksi, na baba. Nilitaka aniambie usiende. Nilimsihi aniambie. Alinitazama kwa macho yake yenye machozi ya mafua.

"Nikikwambia usirudi, nitakuwa mutu mwingine tena wa kukuamurisha. Uko nabo mingi. Nitakupa kitu moja tu. Moyo ikianza kukimbia, tafuta miguu yako. Iko juu ya nini? Sema ile kwanza, mu roho. Halafu sema inayofuata."

Saa tisa kasoro dakika tano niliketi kwenye kile kiti. Nje, kwenye benchi la barazani, watu walikuwa wanangoja zamu zao, na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Emile alivuta kiti chake karibu na redio, mbali nami kwa urefu wa mkono. Alinukia sabuni na vumbi la mashine.

"Unajua wote banasikia," alisema chini chini. "Vituo ya Kavumu, Katana, Kalehe. Wote tuko ku frequence moja."

"Najua."

"Ukitaka nizime, niguse ku bega. Nitazima."

Akazungusha kifundo. Mikwaruzo ilipanda, ikashuka, na baba yangu akaingia chumbani.

"Adelaide, mwana wangu. Papa Télesphore njo anasema. Tuko hapa wote, mama yako, batonton yako, bandugu yangu, na bwana yako. Bwana yako alikuya muzuri, na heshima. Ameomba musamaha. Tumekunywa. Yumapili unapanda bateau. À vous."

Sauti yake ilikuwa imezeeka. Nilimpenda baba yangu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nilibonyeza.

"Papa, jambo. Jambo kwa wote. Niko na ulizo moja. Constantin ameomba musamaha ya nini? À vous."

Nilipoachia kidole hapakuwa na kitu ila upepo wa redio. Nilimwona Emile akigeuza uso polepole kunitazama, na safari hii hakuyashusha macho yake.

"Musamaha ya..." Baba alikohoa. "Ya kusema haukulindwa. Ile siku ya basoda. À vous."

Kisha akaja yeye. Constantin ana sauti nzuri, sitamnyima haki yake. Nilimpenda kwa sauti ile nikiwa na miaka ishirini.

"Bibi yangu. Nasimama mbele ya wazazi yako na mbele ya Mungu. Nilishindwa kukulinda, na kila siku inaniuma. Rudia ku nyumba yako. Batu bananiambia huko parokia kuko mwanaume wa foni anakukalia karibu karibu. Siamini. Nakujua. Nasema tu, rudia mbele batu hawajaanza kusema mingi. À vous."

Barazani mtu mmoja aliguna kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kumwonea Constantin. Mimi nilimtazama Emile. Damu ilikuwa imempanda shingoni. Kipaza sauti nilichoshika kilikuwa karibu naye, angenyoosha mkono tu angemjibu mtu yule, angejisafisha jina lake mbele ya Kivu nzima, na ni nani angemlaumu. Mkono wake ulibaki kwenye kifundo. Alikirekebisha kidogo, ili sauti yangu itoke vizuri.

Moyo ulianza kukimbia. Nikatafuta miguu. Ilikuwa juu ya mbao. Ubao mmoja ulikuwa umelegea, niliusikia chini ya kisigino cha kulia. Niko Muhumba, nilisema rohoni. Nikahamisha kipaza sauti kwenye mkono wa kushoto, ule usionyooka, na nikabonyeza.

"Hakukuwa basoda," nilisema.

Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, mtu mzima, asiye na haraka.

"Papa, Mama, hakukuwa basoda ile siku. Mulango haikuvunjwa. Nilikuwa nasimama ku saluni ya nyumba, juu ya ile carpet ya majani Mama alinipa. Nilisikia ufunguo. Ilikuwa Constantin, anatoka ku repetition, mazoezi ya kwaya. Aliniuliza juu ya nini nilikawia ku soko. Nilimujibu. Alikamata mukono yangu ya kushoto, akaiweka ku ukingo ya meza, akaikalia. Nilisikia inavunjika. Alinuka sabuni ya kuogea. Halafu akalala, miye nikakaa chini mpaka asubui, na asubui yeye njo aliniambia: tutasema ni basoda. Miaka saba nimekaa mule. Haikuwa siku moja. Alinivunja meno mbili mwaka ya pili, Papa, nikakwambia nilianguka. Mimba yangu yenye ilitoka Pasaka, nilisema niliteleza ku ngazi. Sikuteleza. Na weye Constantin, ule mwanaume wa foni, haujaambiwa uongo, iko hapa, anakaa karibu. Hajawahi kunigusa hata kidole. Miye njo namutazamaka."

Hayo ya mwisho sikuwa nimeyapanga. Yalitoka tu, yakaenda mpaka Kalehe.

Nilitaka kubaki nimebonyeza daima. Maadamu kidole kinabonyeza, hakuna anayeweza kunijibu. Kidole kiliniuma, na Emile hakuukamata mkono wangu wala kuusaidia. Alikuwa amefumba macho.

"Sirudie," nilisema. "À vous."

Nikaachia.

Upepo. Niliufahamu upepo ule, lakini haukuwahi kuwa mrefu hivyo. Nilimngoja baba. Nilimngoja Constantin na sauti yake nzuri. Kilichokuja ni mluzi mdogo wa redio, kisha sauti ya mwanaume nisiyemjua, kavu, ya kikazi.

"Kavumu hapa. Bien reçu."

Hiyo ni kauli ya maoperateri, maana yake ujumbe umefika kamili. Haisemwi na kituo ambacho hakikuitwa. Emile alifumbua macho.

"Katana," sauti nyingine ilisema. "Bien reçu."

"Kalehe. Bien reçu, mama."

Na kutoka Kavumu tena, nyuma ya operateri, wanawake waliokuwa kwenye foleni yao walikuwa wanasema kitu, wengi pamoja, kinyume cha adabu yote ya foni, na sikuelewa neno hata moja. Nilishikilia meza. Watu niliokuwa sijawahi kuwaona, katika miji yenye bunduki kila kona, walikuwa wameacha habari za wagonjwa wao na mizigo yao wakanisikiliza mpaka mwisho. Nilijiona mdogo sana, na nikajiona mkubwa sana, na sikujua nililie lipi.

Halafu Minova ikarudi, na hakuwa baba.

"Adelaide. Ni mama yako." Alikuwa analia, ila maneno yalikuwa yamesimama. "Nilijuaka. Robe yako njo nilifua miye, ile asubui, na mulango yenu niliiona, haikuwa na kitu. Nilijua nikanyamaza. Nisamehe. Bwana yako ametoka na mbuzi yake. Papa yako amekaa chini, haseme, tutamungojea. Kasiksi alikunywa yeye. Miye sikukunywa. Usikuye. Unasikia? Usikuye. À vous."

"Bien reçu, Mama," nilisema, na hapo nikalia.

Emile alininywesha maji, yaani alisogeza kikombe na kuondoa mkono wake kabla sijakishika. Kisha aliwaomba walio barazani dakika tano, akatoka nami mpaka kwenye ngazi za nyuma. Kutoka pale ziwa linaonekana lote, na siku hiyo lilikuwa limetulia kabisa. Hatukulitazama. Tulitazamana sisi.

"Ile ulisema ku mwisho," alisema. "Ya kwamba weye njo unatazamaka."

"Nilisema."

"Miye pia natazamaka. Nilifikiri najificha muzuri."

"Hauna kitu unajua kuficha, weye."

Alicheka, na meno yake niliyaona kwa mara ya kwanza. Kisha uzito ukamrudia. Alijifuta viganja kwenye suruali. "Adelaide," alisema, bila Maman, "miezi sita nimekaa na neno moja. Naomba nikuye Yumapili kusalimia mama mukubwa yako. Kwa heshima yote. Nijulishwe ku nyumba. Naweza?"

Mungu ananiona, hakuna kitu nilichokitaka duniani kuliko hicho. Nilimtaka sebuleni kwa mama mkubwa, na shati lake la pasi, ameshika glasi ya Fanta asiyoinywa kwa woga. Nilifungua kinywa kusema ndiyo. Na nikasikia kwamba ndiyo ile haikuwa tayari, kwamba ilitaka kutoka kwa sababu tu mwanaume ameuliza, na mimi miaka saba nilikuwa sijajua jibu lingine.

"Apana," nilisema.

Mwili wangu ukafanya unachokijua. Mabega yalipanda, kidevu kikazama, mkono wa kushoto ukajificha nyuma ya mgongo. Niliitazama mikono yake, si uso. Nilikuwa nangoja.

Mikono yake haikufanya kitu. Ilining'inia pale, mmoja ukiwa na doa la wino.

"Sawa," alisema.

Niliinua macho. "Haukasirike?"

Alilifikiria swali langu kwa dhati, kama afanyavyo kwa kila kitu. "Inaniuma kidogo," alisema. "Kukasirika ni kitu ingine."

"Sisemi apana ya milele, Emile. Nasema apana ya Yumapili. Niko na kamba yangu ya kutandaza, haujui hiyo maneno, nitakwambia siku moja."

"Siulize ni ya muda gani." Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Batu bananingoja. Kalehe iko na maman mugonjwa."

Akageuka akaingia ndani. Nilimsikia akivuta kiti, akizungusha kifundo, akimwita mtu anayefuata kwa sauti ile ile ya kila siku, wala mlango hakuubamiza. Nikabaki nimesimama ngazini, mikono yangu yote miwili mbele yangu, nikishangaa. Nilikuwa nimemwambia hapana mwanaume ninayempenda, na hakuna kilichovunjika.